Shavu Linasemaje?

Asubuhi za Zulmira zilianza na moshi. Kabla hajanawa uso na kabla hajaenda kisimani, aliwasha moto jikoni kwa makumbi ya nazi, akausubiri ushike, kisha akapanda ngazi ya mianzi hadi kwenye uchaga. Huko juu, karibu na paa, ndiko kilikokuwa kikikaushwa kichwa cha karatasi cha mnyama wa kanivali, kikubwa kama tenga la kubebea kuku. Zulmira alifumba macho kwa sababu ya moshi, akainama, akalibandika shavu lake kwenye paji la kichwa kile, akatulia.

"Shavu linasemaje?" aliuliza Bibi Eufrazia kutoka chini. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele.

"Linasema bado, bibi. Baridi kama pua ya mbwa."

"Mgeuze basi, apate moto upande wa pili. Halafu shuka unywe chai, usije ukachelewa shule."

Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa katika nyumba ile. Kidole hakiaminiki, bibi alikuwa amemfundisha, maana kidole kimezoea majivu, maji na jembe. Shavu halijazoea shida. Karatasi ikibaki na maji ndani, hata kama juu imekauka, shavu litausikia ubaridi wake. Na tabaka moja likiwa halijakauka, halibandikwi tabaka lingine juu yake, hata kama kanivali iko mlangoni.

Tatizo ni kwamba kanivali ya mji wao wa Quelimane huja katikati ya mvua. Kila mwaka Bibi Eufrazia alilalamika kwamba aliyepanga tarehe hiyo hakuwahi kukausha hata leso. Mwaka ule mvua ilizidi. Vyura waliingia mpaka chini ya kitanda, daftari za shule zikawa teketeke, na nguo zilizofuliwa Jumamosi zilivaliwa Jumatatu zikiwa bado na unyevu makwapani. Karatasi iliyotiwa gundi ya unga wa muhogo ingekaukaje katika hali hiyo? Ilikauka kwa moto tu, polepole, na kwa mtu wa kupanda ngazi asubuhi na jioni kuigeuza.

Zamani bibi alipanda mwenyewe. Kisha aliteleza kwenye tope akaumia nyonga, na tangu hapo ngazi ikawa ya Zulmira. Wajukuu wengine walikuwa wameshakua na kutawanyika, na mama yake Zulmira alifanya kazi Beira. Nyumbani walibaki wawili tu, mzee asiyeweza kupanda na mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Mnyama mwenyewe alitoka kinywani mwa Zulmira. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya nyumba. Bibi hakuwahi kuinama kukata hata kijiti cha mwanzi kabla mjukuu hajamweleza mnyama ni nani.

"Ana kichwa cha kiboko," Zulmira alisema siku hiyo ya kwanza, "na mabawa ya popo. Anaitwa Kibokopopo."

"Kibokopopo!" Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. "Haya. Anakula nini?"

"Mawingu."

"Mawingu yana ladha gani?"

"Hayana ladha. Anakula ili mvua iache tu. Amechoshwa na matope."

"Ana akili huyo. Na anaogopa nini?"

"Haogopi kitu, bibi. Mkubwa vile ataogopa nini?"

"Basi huyo hajazaliwa bado," alisema bibi. "Kichwa nitamtengenezea, na mabawa nitampa. Lakini macho simchori mpaka uniambie anaogopa nini. Mnyama asiyeogopa kitu anatazama kama sahani. Nenda ukafikiri."

Zulmira alifurahi sana siku zile za mwanzo. Walikunja mianzi pamoja, wakaifunga kwa waya, wakachana mifuko ya saruji kuwa vipande vipande, na bibi akapika gundi katika chungu chake cheusi, akikoroga taratibu huku akiimba puani. Pua za kiboko walizitengeneza kwa makopo ya maziwa. Kwenye mabawa Zulmira alipendekeza waweke kucha za vifuu, na bibi akasema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona popo maridadi namna hiyo.

Lakini furaha ya mwanzo haikaushi karatasi. Baada ya muda kazi ilibaki kazi. Zulmira aliamka alfajiri kuwasha moto, akapanda ngazi, akachota maji, akaenda shule akinuka moshi. Akirudi alipika, akaosha vyombo, akamsugua bibi mguu kwa mafuta ya nazi, akafanya hesabu za mwalimu kwenye mwanga wa jikoni, kisha akapanda ngazi tena. Usiku mmoja alisinzia tonge la mukapata likiwa mkononi, na wali ule wa choroko ukamwagikia mapajani. Bibi alimwona. Alimtoa tonge mkononi, akamfunika kanga, hakusema kitu.

Shuleni alikuwa na rafiki, Dulce, binti wa nyumba ya jirani. Dulce alikuwa na mdomo mwepesi na miguu isiyotulia, na alikuwa hajakosa hata jioni moja ya mazoezi ya ngoma za kanivali.

"Leo unakuja?" aliuliza walipokuwa wakiruka madimbwi njiani.

"Siwezi. Kuna kichwa."

"Kichwa, kichwa! Wewe umeolewa na makaratasi, mwenzangu. Mahari walileta saruji?"

Zulmira alicheka kidogo, kisha akakaribia kulia. "Kila siku kimelowa, Dulce. Napanda, nashuka, kimelowa. Jicho limekuwa jekundu kwa moshi. Mwalimu ananiuliza kama ninaumwa."

"Sasa si useme tu kimekauka? Bibi yako atapanda kuangalia?"

"Hawezi kupanda."

"Basi!" alisema Dulce, akaruka dimbwi lingine.

Jioni ile Zulmira alisimama chini ya ngazi, akaitazama. Miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mchanga. Alipanda vipandio vichache tu, akanyoosha mkono, akagusa taya la kiboko kwa ncha ya kidole. Lilikuwa na joto la moto kwa juu.

"Shavu linasemaje?"

"Linasema tayari, bibi."

"Tayari? Haraka hivyo?" Sauti ya bibi ilichangamka. "Ah, moto wa leo ulikuwa mzuri. Mshushe basi, tumvike nguo nyingine."

Waliongeza tabaka. Kesho yake jioni Zulmira akajibu vivyo hivyo, na safari hii hata kidole hakukinyoosha. Uongo wa kwanza ulimchoma kifuani. Wa pili ulimchoma kidogo. Baadaye aliusema huku akipiga miayo. Kazi ilikwenda mbio, na jioni moja alipata nafasi ya kwenda kutazama ngoma na Dulce. Lakini hakuzifurahia, alikaa juu ya gogo akilala.

Siku walipokishusha kichwa ili kukipaka rangi, bibi alikipakata, akakunja uso.

"Mbona mzito mwaka huu?"

"Ni mdomo, bibi. Mdomo wake mkubwa."

"Kweli, kiboko ni mdomo," alisema bibi, akachukua brashi. Walimpaka rangi ya zambarau mgongoni mwa pua, kijani kwenye masikio, na meno ya manjano. Juu ya rangi wakapaka vanishi ili mvua isimwingie. Hakuna aliyesema kwamba vanishi inayozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Mahali pa macho paliachwa peupe.

Kibokopopo alikuwa mnyama wa waendesha baiskeli wa mtaa ule, wale wanaobeba abiria mchana kutwa. Kila kanivali walizipanga baiskeli zao mstari mmoja, wakazifunga kwa mianzi, na mnyama akatembea juu ya magurudumu yao. Kiongozi wao aliitwa Abilio, kijana mrefu mwenye sauti ya kuuzia samaki. Jumamosi moja kabla ya kanivali alikuja na wenzake kumjaribu mnyama. Watoto wa mtaa walijaa uani, Dulce mbele yao.

"Bibi, mwaka huu umejipita!" alisema Abilio akizunguka kichwa. "Huyu akipita mbele ya jukwaa, majaji watakimbia waache viti."

Walikifunga kichwa kwenye usukani wa baiskeli yake. Abilio aliingiza kichwa chake ndani, akapanda, akakanyaga pedali. Alizunguka ua mara moja, watoto wakipiga makelele. Mara ya pili gurudumu likaingia kwenye shimo dogo.

Taya la kiboko likadondoka. Halikupasuka kwa kishindo, lilichomoka taratibu kama uji unaomwagika, likamwangukia Abilio mapajani, na nyuma yake yakafuata matope meupe ya gundi yaliyonuka muhogo uliovunda. Paji la uso nalo likabonyea. Ndani ya rangi ile nzuri karatasi ilikuwa nyeusi kwa ukungu.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Abilio alijitoa ndani ya kichwa, gundi ikimtiririka shingoni, uso ameukunja.

"Bibi, kitu hiki kimeoza!"

Bibi Eufrazia alichechemea hadi pale. Aliokota kipande, akakisugua, akakinusa. Zulmira alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma.

"Ni gundi yangu," alisema bibi hatimaye. "Nimepunguza unga bila kujua. Au sikuiacha ikaiva. Macho haya, Abilio. Na mikono."

"Sasa tutafanyaje? Vijana wa upande wa soko wameagiza vinyago vya plastiki. Mvua inyeshe isinyeshe, wao hawana habari."

"Na nyinyi agizeni, mwanangu. Msinisubiri mimi. Mimi nimefika mwisho wangu."

 Abilio alikuwa amepandwa na hasira, lakini kumsikia mzee akisema vile kulimmaliza nguvu. Walizikokota baiskeli zao wakaondoka. Kiboko aliachwa uani amekaa upande, hana mdomo, hana macho.

Bibi hakulia. Alikusanya mkasi, brashi na mabaki ya waya, akavifunga katika kitambaa, akavisukuma chini ya kitanda. Kisha akachukua chungu cheusi cha gundi, akakisafisha kwa mchanga, nje na ndani, kwa muda mrefu.

"Mpelekee mama yake Dulce," alisema. "Mwambie apikie bata pumba. Mimi sina kazi nacho tena."

Zulmira alikitwika chungu kichwani akatoka. Kilikuwa chungu cha mama yake bibi kabla hakijawa cha bibi. Njiani alitembea polepole. Alifika kwa kina Dulce akamkuta rafiki yake anamenya muhogo kibarazani, bado anacheka peke yake.

"Umemwona Abilio shingoni? Mpaka ndani ya shati!" Kisha akaona chungu. "Hicho cha nini?"

"Bibi anakigawa. Anasema gundi yake imeharibika. Anasema ameisha."

Dulce aliacha kucheka. Alitazama pembeni, akashusha sauti. "Wewe nyamaza tu, Zulmira. Mzee si kweli kazeeka? Ataamini. Baada ya kanivali watu watasahau."

"Hiyo ndiyo shida," alisema Zulmira. "Ataamini."

Hakukitua chungu. Aligeuka nacho kichwani, akarudi alikotoka, na safari hii alitembea haraka kwa sababu alijua akipunguza mwendo atasimama.

Bibi alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Alipoona chungu kimerudi alishangaa. "Hawakuwepo?"

"Wapo. Bibi, gundi yako haina kosa." Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. "Kichwa kilikuwa kimelowa. Nilikuwa nasema tayari na hakikuwa tayari. Nilikuwa sipandi. Nilikuwa nasimama chini ya ngazi nasema tayari tu. Nilichoka, bibi."

 Bibi akasema jambo ambalo Zulmira hakulitegemea kabisa.

"Kwa hiyo gundi yangu ni nzima?"

"Nzima, bibi."

"Na unga nilipima sawa?"

"Ulipima sawa."

Bibi alishusha pumzi ndefu, akafuta uso wote kwa kiganja, na ndipo machozi yalipomtoka. "Nimekaa hapa najitukana," alisema. "Nimejiita kila jina."  Furaha ile ilipopita, ukaja uchungu. "Mara ngapi umenidanganya?"

"Sijui. Nyingi."

"Mimi namwambia Abilio nimeisha, na wewe umesimama hapo mlangoni unasikia."

 Aibu ilimjaa Zulmira mpaka masikioni. Angependa achapwe, yaishe, lakini bibi hakuwa mtu wa kuchapa.

"Utakwenda kwa Abilio," alisema bibi, "umweleze kwa mdomo wako. Si mdomo wangu uliosema tayari. Mwambie pia kwamba kichwa nitakipasua nyuma, kikaukie ndani na nje, ila moto wa jikoni hautoshi na jua hatuna. Akiwa na shauri, aje."

Abilio alikuwa kwenye kituo cha baiskeli karibu na soko, amevaa shati jingine. Zulmira alimweleza mbele ya wenzake wote, maana hawakuondoka. Alipomaliza, Abilio alitoa macho.

"Kumbe ni wewe! Umenimwagia uji wa mwaka jana shingoni! Unajua wananiitaje hapa tangu mchana?"

"Bwana Muhogo," alijibu mmoja wa wenzake kwa furaha.

"Nyamaza wewe!" Abilio alimgeukia tena Zulmira. Alimwona macho yalivyo mekundu na jinsi alivyoegemea mti, kama mtu anayeweza kulala wima. Sauti yake ikashuka. "Na wewe nani anakusaidia pale nyumbani?"

"Hakuna."

Alikuna kichwa. "Tanuri la Mzee Kasamo," alisema. "Mkate ukishatoka asubuhi, juu ya tanuri panabaki na moto mpaka jioni. Huko ndiko anakokaushia magunia yake. Twende tukamwombe."

Mzee Kasamo mwoka mikate aliwasikiliza mikono yake ikiwa myeupe kwa unga. "Kiboko juu ya tanuri langu," alisema. "Nikiona mende mmoja tu kwenye mkate, huyo kiboko wenu ataingia chini kwenye moto." Kisha akawasogezea magunia.

Bibi alikipasua kichwa kwa kisu, kuanzia kisogoni hadi kati ya masikio, kama mtu anayefungua samaki. Walikwangua ukungu, wakatupa kilichooza. Abilio alikibeba kwenye baiskeli hadi kwa mwoka mikate, kimefunikwa turubai. Taya halikufaa tena. Ilibidi litengenezwe jipya, jembamba, na kwa kuwa lilikuwa jipya Abilio akapata wazo. Walilishikiza kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, wakalifunga waya wa breki. Ukibana breki mdomo wa kiboko unafunguka, ukiachia unafunga.

"Lakini baiskeli haitasimama," alisema bibi.

"Breki ya nyuma ipo, bibi. Ya mbele nimempa mnyama."

Siku zile Zulmira alichoka vilevile, lakini hakuchoka peke yake. Dulce, baada ya kukiri kwao kwamba shauri la uongo lilikuwa lake, aliletwa na mama yake akiwa ameshikwa sikio, akaambiwa maji ya kwa Bibi Eufrazia atayachota yeye mpaka kanivali iishe. Aliyachota akinung'unika safari nzima, na siku ya pili akaanza kunung'unika kwa wimbo. Baada ya shule Zulmira alipanda nyuma ya baiskeli ya Abilio hadi kwa Mzee Kasamo. Kule alipiga magoti juu ya magunia, akaweka shavu. Paji, pua, mashavu ya kiboko, ndani na nje, pote. Mzee Kasamo alimpa mkate wa moto na kumwita daktari wa viboko.

Siku ya mwisho bibi alikuja mwenyewe, ameketi kiti cha abiria cha baiskeli, ameshika shati la Abilio kwa mikono miwili na kumkemea kila shimo. Alishushwa mlangoni kwa mwoka mikate, akaegemea fimbo yake.

"Shavu linasemaje?"

Zulmira aliweka shavu. Alihama taratibu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Nje Abilio alikuwa akitikisa mguu kwa kukosa subira, kwa sababu rangi ilikuwa bado haijapakwa na siku zimekwisha.

"Linasema tayari, bibi. Ila nyuma ya sikio la kulia. Hapo bado."

"Ah, bibi!" Abilio alilalamika. "Sikio tu! Nani atalitazama sikio?"

 Bibi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka tanurini, na kichwa kilikuwa chini kiasi cha yeye kukifikia. Angeweza kuinama akaweka shavu lake mwenyewe. Zulmira alimtazama, akisubiri afanye hivyo.

"Basi tunasubiri sikio," alisema bibi, akaomba kiti, akakaa.

Walisubiri. Mzee Kasamo aliwamiminia chai. Hapo, kwenye joto la tanuri, bibi alimvuta Zulmira akae karibu naye.

"Sikiliza," alisema. "Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, Abilio amechoka, mama yako huko Beira amechoka. Ungeniambia, 'Bibi, leo siwezi kupanda,' tungekiacha kichwa mpaka kesho au tungeita mtu. Karatasi isingetukimbia. Lakini uliponiambia tayari, ulinifumba macho. Mimi sioni juu kule. Ninaona kwa shavu lako. Mtu akikuamini hivyo, kumwambia ukweli ndiyo kazi yenyewe, kuliko hata kubandika karatasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Na mimi nilikuona umelala na tonge mkononi, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka mnyama aishe. Hilo ni langu. Sitanyamaza tena."

Zulmira alilaza kichwa begani pake. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Bibi," alisema baadaye. "Nimejua anachoogopa."

"Kibokopopo? Anaogopa nini?"

"Anaogopa kusema amechoka. Anameza mawingu, anameza, tumbo limejaa maji mpaka mgongoni, na akiulizwa anasema yuko salama."

Bibi hakucheka. Aliomba brashi yake. Sikio lilipokauka, na shavu likasema hivyo, alichora macho. Yalikuwa makubwa, mazito, kope zimeshuka nusu, na chini yake mifuko ya usingizi kama ya mtu aliyekesha kwa mgonjwa. Abilio aliyainamia kuyatazama. "Huyu ni mimi ninaporudi nyumbani," alisema.

Siku ya kanivali mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika, ikanyesha tena. Vikundi vilipita na ngoma na vinyago vinavyong'aa. Kisha Kibokopopo akakunja kona juu ya magurudumu yake, mabawa yakipepea, kucha za vifuu zikigongana. Alitazama umati kwa macho yale. Abilio akabana breki, na mnyama akafungua mdomo wake mkubwa, polepole, akapiga mwayo.

Barabara nzima ilipiga mwayo naye, kisha ikalipuka kwa kicheko. Wanawake wa sokoni walimpungia leso. "Pole, baba!" walimwita. "Pumzika, umefanya kazi!" Dulce alikimbia pembeni akipiga kelele kwamba maji ya kupikia gundi ya taya lile aliyachota yeye.

Walirudi nyumbani wamelowa mpaka mifupani. Kiboko aliingizwa jikoni, hana ufa hata mmoja. Chungu cheusi kilikuwa mahali pake karibu na mafiga. Bibi Eufrazia alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake.

"Zulmira," alisema, "nimechoka."

"Na mimi nimechoka, bibi."

Wote wawili wakamgeukia Abilio, aliyekuwa mlangoni akikamua shati lake.

"Haya, haya," alisema, akainama kutafuta kibiriti. "Chai napika mimi."